Kompyuta za shule Tanga zikeshe zikisaka namba tasa?

Hoja: maabara ya kompyuta ya sekondari iachwe ikiwaka usiku ili ishiriki GIMPS, mradi wa watu wa kujitolea duniani unaosaka namba tasa za umbo la 2^p − 1 (2 ikizidishwa kwa yenyewe mara p, kisha toa 1), ziitwazo namba tasa za Mersenne? Wapo pia wanaodai namba hizi hulinda benki. Kubwa kuliko zote zinazojulikana, 2^136,279,841 − 1, ilitangazwa Oktoba 2024. Ina tarakimu 41,024,320.

Mwalimu wa hisabati, Chumbageni:
Zikeshe. Namba hizi zina kipimo chao cha pekee. Anza na 4; izidishe kwa yenyewe, toa 2, gawanya kwa namba unayoipima, chukua baki. Rudia mara p − 2. Baki la mwisho likiwa 0, ni tasa. Lisipokuwa 0, si tasa. Chukua 31, yaani p = 5, hatua 3: kutoka 4 unapata 14; kutoka 14 unapata 194, baki 8; kutoka 8 unapata 62, baki 0. Imekwisha, hakuna kubahatisha.

Fundi kompyuta, Ngamiani:
Ubaoni sina ubishi, Mwalimu. Njoo kwenye mashine. Kwa p ya milioni 136, hatua nazo ni milioni 136, kila moja ikizidisha namba ya mamilioni ya tarakimu. Ile ya 2024 ilisakwa kwa maelfu ya kadi za michoro katika nchi 17. Kompyuta zetu kuukuu zitahangaika na namba moja wiki kwa wiki, prosesa ikichemka, joto la kaskazi, feni imejaa vumbi, hewa ya chumvi inakula viunganishi. RAM, yaani kumbukumbu ya kompyuta, ikikosea biti moja, hesabu yote inayofuata ni takataka. Kweli, programu ya sasa hujikagua na kurudi nyuma ikinusa kosa, na umeme ukikatika huendelea ilipoishia. Lakini LUKU je? Kompyuta 10 za wati 100, saa 12: uniti 12 kila usiku.

Msanidi programu, Raskazone:
Na ile hoja kwamba namba hizi zinalinda benki tuiondoe kabisa, inapotosha watoto. RSA, mfumo wa kufunga siri kwa namba, ya biti 2048 hutumia namba tasa mbili za tarakimu kama 308 kila moja, zilizookotwa kwa nasibu na kufichwa. Za Mersenne zinajulikana 52 tu, zote hadharani. Ukifungia siri kwa mojawapo, mwizi anajaribu hizo 52, kashaingia.

Mwalimu wa hisabati, Chumbageni:
Benki sikuitaja, ndugu yangu. La LUKU nalikubali, basi ibaki mashine moja, na darasa lisake vigawo vya namba za umbo hili. Wengi hudhani p ikiwa tasa, 2^p − 1 nayo ni tasa. Si hivyo: p = 11 inatoa 2047, ambayo ni 23 × 89. Kigawo tasa chochote lazima kiwe 2kp + 1, k ikiwa 1, 2, 3 na kuendelea, tena kikigawanywa kwa 8 kibakishe 1 au 7. Kwa p = 29: k = 1 inatoa 59, baki 3, tupa; 117 na 175 si tasa; k = 4 inatoa 233, baki 1, na kweli 233 inagawa 2^29 − 1. Majaribio manne, kalamu na karatasi.

Fundi kompyuta, Ngamiani:
Mashine moja, mchana, feni ikisafishwa kwanza: hapo tuko pamoja. Kukesha bado nakataa.