Kusafisha TPM kwenye BIOS bila kufungiwa nje na BitLocker

Swali: Wakuu, kompyuta ni ya Ryzen, Windows 11 Pro, diski C ina BitLocker (usimbaji wa diski wa Windows). Nataka kusasisha BIOS (programu ya msingi inayowasha kompyuta) kisha nisafishe TPM (sehemu ya usalama inayotunza funguo za siri). Nianze na nini?

Jibu: Anza na ufunguo wa kurejesha, mkuu. Fungua Command Prompt kama msimamizi, andika `manage-bde -protectors -get C:`, unakili zile tarakimu 48 kwenye karatasi au flashi, kamwe si kwenye diski hiyohiyo. Halafu sitisha ulinzi wa BitLocker kwa `manage-bde -protectors -disable C: -RebootCount 0`. Usiiache hiyo sifuri: bila hiyo ulinzi hurudi wenyewe kompyuta ikiwashwa upya mara 1, na kazi yako itahitaji zaidi.

Jibu: Naongezea. Kwenye BIOS ya AMD tafuta fTPM, yaani TPM iliyomo ndani ya prosesa. Kwa Intel huitwa PTT. Kuizima na kuisafisha ni vitu viwili tofauti: ukizima, Windows haizioni funguo zake, ukisafisha, zimefutika moja kwa moja. PIN ya Windows Hello nayo itakataa, kwa hiyo hakikisha unalikumbuka nenosiri la akaunti.

Muulizaji: Na nikisasisha BIOS tu, bila kusafisha?

Jibu: Sitisha BitLocker vilevile. TPM hutoa ufunguo pale tu vipimo vya uwashaji vinapolingana na vya awali, na BIOS mpya inaweza kuvibadilisha. Ukimaliza, fungua `tpm.msc`, thibitisha iko tayari na ni toleo 2.0, kisha `manage-bde -protectors -enable C:`.