Leza na kofia ya mwanga kwa wagonjwa wa kiharusi: itumike wapi, kwa kipimo gani?

fizio_wete

Assalaam alaykum wenzangu. Chumba chetu cha mazoezi ya viungo kinategemea kupokea vifaa viwili vya msaada. Cha kwanza ni leza ya kushika mkononi: urefu wa wimbi la mwanga nanomita 808, mwanga wa mfululizo, nguvu inabadilishwa kutoka miliwati 50 hadi 200, ncha yake ina nusu sentimita mraba. Cha pili ni kofia yenye taa za LED za nanomita 810. Karatasi yake inasema mgonjwa aivae dakika 20 kila siku ili "kuamsha ubongo".

Wagonjwa wetu wa kiharusi wengi hutufikia kati ya wiki ya tatu na mwezi wa sita. Wanalalamikia bega la upande uliopooza kuuma na vidole kukaza, na wapo ambao upande huo hawahisi moto wala baridi. Jamaa zao wameshasikia habari ya kofia, na kila mmoja anataka mzee wake awe wa mwanzo kuvaa.

Nnaomba mnisaidie. Kofia hii ina faida kwa mtu aliyekwishapita siku za mwanzo? Begani nitoe jouli (kiasi cha nishati) ngapi na kwenye nukta zipi? Majedwali ya vipimo yametungwa kwa ngozi nyeupe, kwa ngozi zetu nibadilishe nini? Na chumba nikiandae vipi?

Bi_Mazoezi

Wa alaykum salaam. Naanza na kofia, maana hiyo ndiyo itakayokuletea mvutano na jamaa.

Mwanga wa karibu na nanomita 808 hufyonzwa na kimeng'enya cha saitokromu C oksidesi kilichomo ndani ya mitokondria, na inadhaniwa kuwa hapo ndipo seli inapoongezewa nishati. Kwa sungura na panya wa maabara matokeo yalitia moyo. Kwa binadamu yakafanywa majaribio matatu yaliyopewa jina la NEST. Nywele zilinyolewa, leza ya nanomita 808 ikawekwa kwenye nukta 20 za kichwa, dakika 2 kila nukta, ndani ya saa 24 tangu kiharusi kuanza, na kwa kiharusi cha mshipa kuziba tu. La kwanza lilichapishwa 2007, lilikuwa na watu 120 na lilionesha nafuu. La pili, la 2009, lilikuwa na watu 660, na tofauti iliyoonekana haikutosha kuthibitisha kitu. La tatu lilikusudiwa watu 1000, likasimamishwa 2012, kwa sababu hesabu za katikati zilionesha waliopata mwanga na waliowekewa leza ya bandia wako sawasawa.

Sasa tazama kofia yako: ni LED, nywele zipo, na mgonjwa yuko wiki ya tatu au mwezi wa sita. Hata leza ya NEST, mwanga mwingi uliishia kwenye ngozi na fuvu, ukafika kidogo tu kwenye ubongo. Mimi siiweki kofia kwenye ratiba ya matibabu. Waambie jamaa hivyo mapema na kwa upole, kabla boksi halijafunguliwa, kwa sababu ukishamvisha mmoja huna tena la kuwaambia wengine.

Leza ya mkono ni habari nyengine. Kwa maumivu ya misuli na kano ina msingi mzuri zaidi, japo kwa bega la kiharusi lenyewe tafiti ni ndogondogo. Lakini kabla hujaiwasha, jua kwanza bega linauma kwa nini. Pitisha kidole chini ya ncha ya mfupa wa bega: ukipata shimo la upana wa kidole, mfupa wa mkono umeshuka kutoka kwenye kikombe chake, na mwanga hauupandishi. Hapo kazi ni mto chini ya mkono anapokaa, mshipi wa kuubeba anaposimama, na kuwakataza jamaa wasimnyanyue kwa kumshika kwapani. Kama mkono umevimba hadi vidoleni, una joto na unang'ara, mpeleke kwa daktari kwanza.

Ikiwa ni kano, jedwali la jumuiya ya kimataifa ya tiba ya leza, WALT, kwa mwanga wa nanomita 780 hadi 860 linataka angalau jouli 4 kwa nukta, nukta mbili au tatu, jumla isipungue jouli 8. Kila siku kwa wiki mbili, au siku moja ndiyo moja siyo kwa wiki tatu hadi nne. Maumivu yakishapoa, punguza kiasi cha theluthi.

Hesabu ni wati mara sekunde. Miliwati 100 kwa sekunde 40 ni jouli 4, na miliwati 200 kwa sekunde 20 ni hizo hizo. Nukta yangu ya mwanzo ni mbele, chini kidogo ya ncha ya mfupa wa bega, ya pili kwenye mfereji wa kano ya misuli ya mbele ya mkono, ya tatu nyuma ya kiungo. Ncha iguse ngozi, isimame wima, isitembezwe. Ukiinyanyua hata sentimita moja mwanga mwingi unarudi na kutawanyika, na zile jouli 4 hazifiki tena kule ulikokusudia.

Pima kabla na baada: maumivu kwa alama 0 hadi 10, na nyuzi za kuzungusha mkono kwa nje kwa goniometa, yaani kipima pembe. Kama baada ya mara sita namba hazijasogea, acha. Kuendelea ni kumpotezea nauli tu.

dk_zamu

Naunga mkono, naongeza suala la ngozi, kwani hapo ndipo mgonjwa wetu anaweza kuungua.

Jedwali la WALT lenyewe linasema vipimo vyake ni kwa ngozi nyeupe. Melanini hufyonza mwanga, na mwanga uliofyonzwa unageuka joto. Ilipopimwa leza ya nanomita 810 yenye miliwati 200, ngozi nyeusi ilipata joto mara kadhaa kuliko nyeupe, hadi watu kuhisi maumivu. Ile ya mapigo ya nanomita 904 yenye nguvu ndogo haikupasha hivyo. Kwa hiyo usianze na 200. Weka 50 kwa sekunde 80 au 100 kwa sekunde 40. Jouli zinabaki zile zile, lakini ngozi inapata nafasi ya kupoa kupitia damu inayopita.

Hisia ya joto ipime kabla. Chukua vichupa viwili, kimoja maji ya baridi, kimoja maji ya vuguvugu ya nyuzi 40 hivi. Mgonjwa afumbe macho, uguse sekunde mbili bila kufuata mpango, kwanza upande mzima kisha bega la upande ulioathirika. Akikosea mara kwa mara begani, usimtegemee aseme "pananichoma". Baki kwenye miliwati 50, simama kila sekunde 20 na uguse ngozi kwa mgongo wa kidole chako. Na mwenye kiharusi kilichomwondolea kauli mfanyie hivyo hivyo hata kama hisia anayo, maana kusema hawezi.

Ngozi ioshwe kwa sabuni. Wengi huja wamechuliwa kwa mafuta ya karafuu au wamepakwa liwa, na vyote viwili vinabadilisha jinsi mwanga unavyoingia. Piko ni mbaya zaidi: rangi nyeusi inafyonza mwanga papo hapo juu ya ngozi. Mkono wenye piko usiuguse kwa leza mpaka ifutike.

Usiweke kwenye jicho, kwenye uvimbe wa saratani au unaoshukiwa, juu ya tezi ya shingo, wala tumbo la mja mzito. Ulizia dawa zinazofanya ngozi iogope jua, kama doksisaiklini na haidroklorothiazaidi ya presha. Nyingi husumbua zaidi kwa mionzi ya urujuanimno kuliko kwa nanomita 808, lakini mwenye historia ya kuwashwa juani mjaribu nukta moja upande mzima na umtazame kesho yake.

mpenda_tiba

Jamani, hiyo kofia mbona mnaikataa moja kwa moja? Haichomi, haina sindano. Mgonjwa akikaa nayo dakika 20 akipata matumaini, ubaya uko wapi? Na zile saa za leza nyekundu za kuvaa mkononi zinazouzwa mjini, watu wanazisifu kwa presha.

dk_zamu

Ndugu yangu, ubaya uko kwenye zile dakika 20. Mgonjwa wa huku Pemba anayetoka mbali, Konde au Micheweni, anayeletwa mara mbili kwa wiki ana saa moja tu na fizio. Theluthi ya saa hiyo ikienda kwenye kofia, imetoka kwenye kusimama, kutembea na kushika, ambavyo faida yake imethibitika. Akirudi nyumbani jamaa wanaamini ameshatibiwa, mazoezi ya jioni hayafanywi.

Saa za nanomita 650 ndizo zinazonitia hofu kweli. Muuzaji anasema zinasafisha damu na kushusha presha, mgonjwa anaacha amlodipini, dawa yake ya presha. Aliyepata kiharusi kwa kawaida tunataka presha yake iwe chini ya 130/80, na dawa akiiacha anajiweka kwenye hatari ya kiharusi cha pili. Ukimkuta nayo mkononi, usibishane naye kuhusu saa. Muulize dawa kameza lini mara ya mwisho, kisha mpime presha pale pale.

Na mdomo ukipinda ghafla, mkono ukianguka au maneno yakivurugika, hapo ni hospitali mbio bila kungojea kesho. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda hutolewa ndani ya saa nne na nusu, na haitolewi mpaka picha ya CT ioneshe kuwa mshipa haukupasuka.

fundi_vifaa

Kwa upande wa kifaa. Miliwati 200 ni leza ya daraja la 3B, yaani inaweza kudhuru jicho. Mwanga wa nanomita 808 hauonekani, au unaona uwekundu hafifu tu, kwa hiyo jicho halipepesi kujikinga. Miwani iwe na maandishi ya nanomita 808 na OD (kiwango cha kuzuia mwanga) 4 au zaidi kwenye fremu yake. Miwani ya jua haifai, na miwani iliyotengenezwa kwa leza nyekundu ya 650 haifai pia. Unahitaji angalau tatu: yako, ya mgonjwa, ya anayemsaidia. Mtoto aliyekuja na bibi yake abaki ukumbini.

Kile kioo kikubwa cha mazoezi kitoe chumbani au kifunike shuka, kwani kinarudisha mwanga mzima mzima. Mgonjwa avue bangili na saa. Mlango ufungwe, alama iwe nje, na ufunguo wa leza ukae kwako, usiachwe kwenye mashine.

Nguvu inayoandikwa kwenye skrini si lazima iwe ndiyo inayotoka. Daiodi huchakaa. Ikitoa 120 huku skrini inasema 200, sekunde 20 zako ni jouli 2.4, na utadhani tiba haifai kumbe kipimo hakijatimia. Omba kipima nguvu cha leza kije pamoja na msaada, upime kila baada ya miezi mitatu na uandike daftarini. Kamera ya mbele ya simu inaweza kukuonesha kama mwanga unatoka (elekeza leza kwenye karatasi nyeupe, si kwenye kamera), lakini haikuambii ni kiasi gani.

Soma kibandiko cha adapta kabla hujachomeka. Ikiandikwa 100–240 ni salama. Ikiandikwa 120 peke yake, umeme wetu wa volti 230 utaiunguza mara moja. Weka stabilaiza, na umeme ukikatika chomoa kabisa, subiri urudi na utulie ndipo uwashe. Ncha ifutwe kwa spiriti ya asilimia 70 baada ya kila mgonjwa. Usiku kifaa kikae kwenye boksi la kufunga pamoja na pakiti za silika: unyevu na chumvi ya hewani huku kwetu hula miguso ya betri na kuotesha ukungu kwenye lenzi, hasa masika.

fizio_wete

Ahsanteni sana, nimeelewa. Kofia itabaki stoo. Limebaki moja: vidole vilivyokaza, je leza inasaidia kulegeza? Na ndani ya saa moja niipange vipi?

Bi_Mazoezi

Kukaza kunatoka kwenye ubongo na uti wa mgongo, leza ya mkononi haikufikii huko. Itumie kwenye mkono ikiwa tu maumivu ndiyo yanayomzuia kufungua vidole, jouli 4 kwa nukta inayouma, basi.

Dakika tano za mwanzo: osha ngozi, valisheni miwani, nukta tatu kwa miliwati 50 ni dakika nne. Hapo hapo bega likiwa limepata nafuu, dakika kumi za kuzungusha mkono kwa nje, taratibu, ukisaidia bapa la bega kwa mkono wako mwengine. Usiunyanyue mkono kupita nyuzi 90 kama bapa halisogei, na usimpe kamba ya kapi ya kuvutia mkono juu. Inabana kano ile ile unayoitibu.

Kisha kusimama na kukaa, kiti kirefu kwanza halafu unakishusha, dakika 15, uzito ukiwa kwenye mguu ulioathirika. Zilizobaki zote ni za mkono. Kioo cha meza (mkono mzima unasogezwa mbele yake, uliopooza umefichwa nyuma) kinafaa kwa mwenye mkono usiosogea kabisa: dakika 30 kwa siku, siku tano kwa wiki, wiki nne, na hilo jamaa wanaweza kulisimamia nyumbani. Mwenye vidole vinavyosogea kidogo mpe kazi anayoijua. Kukonyoa karafuu ni nzuri mno: mkono mmoja unashika kikonyo, mwengine unang'oa, unarudia mara mia bila kuambiwa. Anza na karafuu mbichi zilizokwisha chumwa, uziweke kwenye ungo upande ulioathirika ili alazimike kuunyoosha mkono. Kusuka ukili kuje baadaye, kunataka vidole vyepesi zaidi. Kutia udhu kwa kata akiwa amekaa ni zoezi pia, mara tano kwa siku, ila mtu asimame karibu kwani sakafu inalowa.

Leza ikichelewa kufika, anza na hayo mengine wiki hii.