Matone mseto ya presha ya macho: tupeane uzoefu

Ndugu zangu, wagonjwa wa glakoma (ugonjwa wa presha ya macho) wengi sasa wanaondolewa chupa mbili na kupewa moja yenye dawa mbili ndani. Mnaohudumu kliniki za macho, mnaouza dawa na mnaowatilia wazee matone nyumbani: ni nini huharibika, na hurekebishwaje?

Muuguzi wa macho, Mbarara
Kosa kubwa ni kuendelea na chupa ya zamani. Majina nayaandika kama yalivyo kwenye chupa: dorzolamide na timolol, brimonidine na timolol, latanoprost na timolol. Mumeona, timolol imo zote tatu. Mzee akiendelea na timolol yake ya awali anajizidishia dozi. Jicho halifaidiki, moyo ndio unapungua mapigo, naye anapata kizunguzungu akisimama. Mseto mpya ukianza, chukueni chupa zote za nyumbani, mwonyesheni daktari, aseme ipi iachwe.

Ratiba nazo hazifanani. Dorzolamide na timolol ni tone moja mara mbili kwa siku, mfano saa moja asubuhi na saa moja jioni. Latanoprost na timolol ni mara moja tu. Kuzidisha latanoprost hupunguza nguvu yake ya kushusha presha.

Mfamasia, Jinja
Naongeza la pumu, maana hili linaua. Tone likizidi hupita kwenye kitundu cha kona ya ndani ya jicho, likashuka puani na kuingia kwenye damu bila kupita ini kwanza. Timolol kidogo hivyo inatosha kubana kifua cha mwenye pumu. Ukimuuliza mgonjwa "una ugonjwa mwingine?" atajibu "macho tu". Taja kwa jina: pumu, kifua cha kubana, moyo unaopiga polepole. Akikubali hata kimoja, arudi kwa daktari kabla ya kufungua chupa. Upo mseto usio na timolol, wa brinzolamide na brimonidine. Huo utikiswe vizuri kwanza, dawa hutuama chini.

Anayewatilia wazee matone, Kampala
Namna ya kutia: nawa mikono, mlaze chali, vuta kope ya chini iwe kama kijifuko, dondosha tone MOJA, ncha ya chupa isiguse kope. Afumbe taratibu bila kukaza, kisha bonyeza kona ya ndani, pale karibu na pua, kwa dakika mbili. Akisema anasikia ladha chungu kooni, dawa imeshuka puani, hukubonyeza sawasawa. Kuna dawa nyingine ya jicho hilohilo? Subiri dakika 5, la sivyo la pili linaliosha la kwanza.

Hesabu pia chupa. Mililita 5 hutoa matone 100 na zaidi. Macho mawili mara mbili kwa siku ni matone 4, basi ikaribie mwezi. Ikiisha wiki ya pili, matone yanaishia shavuni.

Mhudumu wa afya, Arua
Huku kwetu adui ni joto. Mseto wenye latanoprost, kabla ya kufunguliwa, hukaa kwenye friji nyuzi 2 hadi 8. Ukishafunguliwa usizidi nyuzi 25, na nyumba ya mabati mchana hupita hapo. Asiye na friji aifunge chupa ndani ya mfuko usiopitisha maji, aiweke kwenye chungu kilichokaa juu ya mchanga uliolowa, kivulini. Isigandishwe. Wa dorzolamide na timolol hauhitaji friji. Andika tarehe ya kufungua kwenye chupa. Wiki 4 zikitimia, tupa hata kama imebaki.

Muuguzi wa macho, Mbarara
Nilisahau siku ya kliniki. Watu hutoka kijijini saa kumi alfajiri, matone wanayaacha nyumbani. Presha ikipimwa inaonekana imepanda, daktari anadhani dawa imeshindwa, anaongeza nyingine. Tieni kama kawaida asubuhi hiyo, na mkikosa, mwambieni kabla hajapima.