Corolla ya 1998 au IST ya 2005: ipi salama ikigonga?

mkazi_kizota: Wakuu, nachagua kati ya hizo mbili. Kila wiki ni Dodoma–Morogoro. Mtaani wanasema za zamani ni chuma, hizi za sasa makopo. Kweli?

bati_na_chuma: Chuma kikigoma kukunjika, kishindo chote kinakuja kifuani kwako. Gari za karibuni zimeundwa pua ijikunje, chumba cha abiria kibaki kilivyo. Mwaka 2017 ANCAP, wapimaji wa Australia na New Zealand, waligonganisha Corolla ya 1998 na ya 2015 uso kwa uso, kilomita 64 kwa saa. Ya zamani ilipata alama 0.40 kati ya 16, ya 2015 ikapata 12.93. Ile ya 1998 haikuwa na eabegi. Corolla za umri huo zinazotoka Japani nyingi zinazo, ila bodi ni ya enzi zile zile.

mkazi_kizota: Basi IST moja kwa moja?

fundi_bodi: Taratibu mkuu. IST iliyokula mzinga ikapakwa pati inaweza kuwa mbaya kuliko Corolla nzima. Fungua boneti, fuata zile reli mbili za chasisi hadi kwenye bampa. Weldi ya kiwandani ni vidoti vya mviringo vilivyopangana. Ukiona mstari mnene wa kuchomelea, au bati lina makunyanzi, achana nayo.

Halafu eabegi. Geuza ufunguo taa za dashibodi ziwake, usipige stata. Taa ya eabegi iwake sekunde kama sita, izime yenyewe. Isipowaka kabisa, kuna mtu kachomoa balbu. Ikizima pale tu injini inapowaka, imeunganishwa na taa ya chaji, na hapo eabegi huenda haipo kabisa.

Mkanda uvute wote, tafuta nyuzi zilizochanika. Kisha ushtue kwa nguvu: usipojifunga hapo hapo, badilisha.

Gairo_Kibaigwa: Na namba ya chasisi iangaliwe kwenye tovuti ya Toyota Japani. Gari nyingi za miaka ya 2000 ziliitwa zirudi kubadilishiwa eabegi za Takata, kampuni ya Japani. Joto na unyevu vinaharibu baruti yake, ikilipuka inarusha vipande vya chuma.

mkazi_kizota: Tairi je? Muuzaji anasema kashata (meno ya tairi) bado nzito.

fundi_bodi: Soma namba nne za mwisho kwenye DOT, ile kodi iliyoandikwa ubavuni mwa tairi. 2314 ni wiki ya 23, mwaka 2014. Hiyo imeshazeeka; hata iwe na kashata ya dukani, toa.