Matamasha ya Uskoti redioni: mubashara, au yarekodiwe kwanza?

MtegaMawimbi

Wadau, leo tuliongelee hili. BBC Radio 3, redio ya muziki wa klasiki, hupiga matamasha ya okestra za Uskoti kwa njia mbili. Ama ukumbi unaunganishwa na studio jioni hiyo hiyo, ama tamasha linarekodiwa, linahaririwa, kisha linapigwa siku au wiki kadhaa baadaye. Masharti ya kituo yanazihesabu njia zote mbili pamoja, "mubashara au iliyorekodiwa mahsusi", kwa hiyo anayepanga ratiba hana kinachomsukuma achague mubashara. Msimamo wangu: muziki unaolipiwa na ada ya leseni, ile wanayolipa wenye televisheni Uingereza kuiendesha BBC, uende hewani saa ile ile unapopigwa, na asiyetaka hivyo ndiye atoe sababu. Mtu wa Shetland, ambaye Glasgow kwake ni meli ya usiku kucha hadi Aberdeen halafu treni, asikie pamoja na aliyeketi City Halls, ukumbi wa hapo Glasgow. Mwenye hoja pinzani karibu.

FundiSauti

Mkuu, Shetland nimekuelewa, ila hujagusa sauti. Tuanzie ukumbini. Mpangilio wa kawaida ni maikrofoni tatu kuu zilizoning'inizwa juu na nyuma kidogo ya kondakta, mita 3 hivi kutoka sakafu ya jukwaa. Mbili za pembeni zinaachana mita 2, ya katikati inatangulia mita 1.5 kuelekea wapigaji. Zinafuata za karibu: filimbi na zumari, kinubi, besi, timpani. Sauti inakwenda mita 343 kwa sekunde, hivyo pigo la timpani iliyo mita 10 kutoka maikrofoni kuu linazifikia likiwa limechelewa milisekunde 29. Maikrofoni ya karibu ya timpani usipoichelewesha kwa kiasi hicho, pigo linaanza kabla ya wakati wake na ngoma inasikika imeketi mapajani mwa kondakta.

Yote hayo yanapimwa kwenye mazoezi ya mchana, ukumbi mtupu. Jioni watu 1,000 wanaingia na makoti yao mazito, nguo zinanyonya sauti, mwangwi unafupika, fidla zinakauka. Mizani ya saa tisa alasiri haikufai tena saa moja na nusu usiku. Ukienda mubashara, anayeumia ni kipande cha kwanza, kwa sababu fundi bado anajitafuta. Ukirekodi kila maikrofoni kwenye njia yake, kesho yake unachanganya upya ukiwa umetulia. Ndiyo sababu yangu.

Zeze

FundiSauti, hapo kwenye kuchanganya upya sina neno. Ninachokataa ni ile kauli nyingine inayopenda kufuatia, kwamba ukirekodi "makosa yanasahihishwa". Yanasahihishwa na nini?

Chukua RSNO, yaani Royal Scottish National Orchestra. Kwa kawaida programu moja inapigwa Ijumaa Usher Hall, Edinburgh, na Jumamosi Glasgow Royal Concert Hall. Mtu atasema una nakala mbili, kata hapa unga pale. Jaribu. Usher Hall ni jengo la 1914 lenye kuta za mviringo, ule wa Glasgow ulifunguliwa 1990 na umbo lake ni jingine kabisa. Mkia wa mwangwi wa noti ya kabla ya mkato ni wa chumba kimoja, noti inayofuata ni ya chumba kingine, na sikio linashtuka hapo hapo. Basi uchukue kipande kutoka mazoezi ya mchana? Umeshasema mwenyewe, ukumbi mtupu una mwangwi mrefu zaidi. Kiraka kinajulikana.

Inabaki kuwabakiza wapigaji robo saa baada ya hadhira kuondoka. Ukumbi mtupu tena, midomo ya wapiga pembe imechoka, na muda wa ziada unalipwa. Kwa hiyo tamasha "lililohaririwa" mara nyingi ni lile lile la jioni ile, limefutwa kikohozi na mlio wa kifaa cha kusikia cha mzee wa safu ya tano. Hivyo viwili programu za siku hizi zinavifuta vizuri, nakiri. Pembe iliyokosea kuingia itabaki imekosea.

BintiMakame

Kaka zangu mnagombea milisekunde huku swali la nani anapata nafasi hewani limekaa pembeni.

BBC Scottish Symphony Orchestra (SSO) iliundwa 1935 kwa ajili ya redio na wapigaji wake ni waajiriwa wa BBC. Kurushwa hewani kumo ndani ya mshahara. Makao yake ni City Halls tangu 2006. Anayepanga ratiba akiihitaji Alhamisi, gharama kubwa imeshalipwa. RSNO, Scottish Chamber Orchestra (SCO) na Scottish Opera hali ni tofauti: tangu 2007 hizo, pamoja na kampuni za taifa za ballet na tamthilia, zinapata ruzuku moja kwa moja kutoka Serikali ya Uskoti, na redio ikizitaka lazima wapigaji walipwe haki za matangazo juu ya ujira wa tamasha, na mitambo ipelekwe ukumbini. Mlipakodi amechangia tamasha, mlipa leseni achangie tena kulisikia. Matokeo yake meza inaelemea upande mmoja. Mkiweka sharti la mubashara kwanza, itaelemea zaidi, maana redio itakimbilia palipo rahisi.

Na asije mtu hapa akasema basi SSO ipunguzwe. 1980 BBC ilitaka kuivunja. Wanamuziki waligoma, matamasha ya mwanzo ya Proms, msimu wa kiangazi wa BBC pale London, mwaka huo yakafutwa, okestra ikabaki. Miaka kumi baadaye, Agosti 1990, okestra hiyo hiyo chini ya kondakta Jerzy Maksymiuk ilipiga kwa mara ya kwanza The Confession of Isobel Gowdie ya mtunzi James MacMillan kwenye Proms, na jina la MacMillan likatoka Uskoti likaenda duniani.

MtegaMawimbi

Dada, umenipa mfano mzuri kuliko wangu. Proms zinakwenda mubashara.

BintiMakame

Zinakwenda mubashara kutoka London, ndugu yangu. Mimi nazungumzia Jumatano ya Februari, Dundee.

FundiSauti

Nirudi kwenye Isobel Gowdie, maana inaonyesha tatizo ambalo hakuna aliyeligusa. Inaanza kwa minong'ono na mwisho wake okestra nzima inaishikilia noti ya C ikipanda hadi kuta zinatetemeka. Ukumbini raha tupu. Redioni, mita ya PPM ya BBC, inayopima vilele vya sauti, ina alama 1 hadi 7, kila alama desibeli 4, na kilele hakitakiwi kuvuka 6. Ukiweka mwisho kwenye 6 bila kugusa kitu, mwanzo sindano hainyanyuki, na aliye ndani ya gari anadhani redio imezimika.

Kwa hiyo fundi anakaa na nota mezani. Kabla ya mahali pa kunong'ona anapandisha desibeli 4 au 6, polepole, kwa nusu dakika, mtu asihisi mkono. Kabla ya kilele anashusha vivyo hivyo. Akichelewa kushusha, mtambo unabana wenyewe na sauti inajikunja palepale ilipotakiwa kupasuka. Kwenye FM kuna balaa la pili: masafa ya juu yanakuzwa kabla ya kurushwa, kisha yanapunguzwa kwenye redio ya msikilizaji ili mchakacho upungue. Matoazi na tarumbeta, ambazo nguvu zao ziko juu, zinagonga dari mapema kuliko mita inavyokuonya. Mubashara una nafasi moja ya kuyaweza yote haya. Kwa rekodi unarudia mpaka uridhike.

Tukiwa kwenye minong'ono: mitambo ya kurushia ina kinga ya ukimya, ikikosa sauti kwa muda uliowekwa inajiwashia programu ya dharura. Januari 2004 BBC Symphony ilipopiga 4′33″ ya John Cage pale Barbican, ambapo hakuna anayepiga noti hata moja, Radio 3 ilibidi iizime kinga hiyo kwanza.

Nanga

Kwa anayesoma tu: FM inaishia kilohezi 15, Radio 3 kwenye DAB (redio ya kidijitali) kwa kawaida ni kilobiti 192 kwa sekunde, mtandaoni 320. Ukitaka kuwasikia SCO vizuri tumia mtandao, vumilia kuchelewa. Na kipindi kikishapita kinakaa siku 30 BBC Sounds, app ya redio ya BBC. Sasa kama watu wanasikiliza kesho yake jikoni, huo mubashara unamsaidia nani? Sisi wa nje ya Uingereza app yenyewe tumefungiwa tangu 2025.

MtegaMawimbi

Unamsaidia msikilizaji hata akisikiliza kesho yake, Nanga. Kipindi cha mubashara kina mtangazaji aliye ukumbini, anaona piano inasukumwa jukwaani, anajaza zile dakika tano kwa kueleza kinachokuja, na muda kati ya kipande na kipande ni wa kweli. Rekodi ikishapita kwa mhariri, makofi yanakatwa sekunde kumi, vipande vya programu vinatenganishwa: simfoni inawekwa Jumanne mchana, konserto inaenda wiki nyingine. Programu iliyopangwa na kondakta kwa mantiki yake inageuka kuwa akiba ya kuzibia mapengo ya ratiba. Hilo ndilo linaloniudhi hasa. Kiraka cha pembe hakinisumbui.

Zeze

Hapo umesema. Lakini hiyo ni hoja ya kupiga tamasha zima kwa mpangilio wake. Hata lililorekodiwa linaweza kupigwa zima.

FundiSauti

Na opera je? Maana huko mubashara ndiko kunakoharibika zaidi, na ndiko kuhariri kunakofaa kweli, Zeze.

Theatre Royal ya Glasgow: okestra imo shimoni, waimbaji hawafungwi maikrofoni mwilini. Unalaza maikrofoni bapa tano hadi saba kwenye ukingo wa jukwaa. Mwimbaji akitembea akafika katikati ya mbili zilizo wazi, sauti yake inazifikia kwa nyakati tofauti kidogo, baadhi ya masafa yanafutana, na unasikia mtu anaimba ndani ya bomba. Dawa ni kufungua moja au mbili tu kwa wakati, kwa kumfuata mwimbaji, na huwezi kumfuata bila kujua ataelekea wapi. Kwa hiyo unakaa kwenye onyesho moja bila kurekodi, unaandika kwenye nota: hapa kushoto, hapa anapiga magoti, hapa viatu vinagonga ngazi, funga namba tatu. Kisha unarekodi maonyesho mawili. Jukwaa lile lile, hadhira ipo usiku wote, mwangwi haubadiliki, kwa hiyo mkato unashika. Kinachokwamisha RSNO hapa hakipo.

Halafu redioni hakuna tafsiri ya maneno juu ya jukwaa. Kila tendo linahitaji maelezo ya dakika mbili tatu, na hayo yanaandikwa vizuri zaidi na mtu aliyeliona onyesho.

BintiMakame

Hapo niko nawe kabisa, na ndiyo maana opera za tamasha, zinazoimbwa bila mandhari waimbaji wakisimama mahali pamoja, zina nafasi nzuri zaidi ya kufika redioni. Ila kumbukeni wapigaji wa Scottish Opera tangu 2011 wana mikataba ya muda usio kamili. Kila saa ya ziada kwa ajili ya redio iko nje ya mkataba na lazima mtu aseme italipwa na nani kabla ya waya wa kwanza kutandikwa.

MtegaMawimbi

Sawa, opera naiachia. Irekodiwe. Lakini Queen's Hall wakati wa Tamasha la Edinburgh, saa tano asubuhi, piano na mwimbaji, au kwarteti? Jozi moja ya maikrofoni na mbili za karibu, jengo la kanisa la zamani lenye sauti yake nzuri. Hapo nani ana kisingizio?

FundiSauti

Hapo hakuna, zaidi ya ving'ora vya barabarani. Queen's Hall mubashara, City Halls mubashara maana SSO wako kwao, na njia zote zirekodiwe kando ili marudio yachanganywe upya. Opera na matamasha ya ziarani yarekodiwe. Mchanganyo wa pili ni siku nzima ya fundi na chumba, msisahau kuiandika kwenye bajeti.

BintiMakame

Na Dundee?

FundiSauti

Caird Hall ni gari la mitambo, mafundi watatu, na njia mbili za intaneti, moja ikiwa ya akiba. Anayetaka mubashara kutoka pale aseme ni tamasha gani la Glasgow litakaloachwa.

Zeze

Mimi niko tayari kutaja mawili.