Tupeane uzoefu: nani ameshaokota kombe la jiwe mtoni?

Mla Ming'oko: Wakuu, jana mimi na mjomba tulishinda kwenye kijito kinachoingia Mbwemkuru, huku Lindi. Hatukuwa na haraka, ming'oko ya kuchemsha tulikuwa nayo mfukoni. Bahari huko huioni wala huisikii, lakini changarawe imejaa makombe yaliyogeuka mawe.

Usihangaike na mchanga wa katikati. Nenda kwenye kona ambako maji ya masika yamekula ukingo, ukague kilichoporomoka. Jiwe likikutia shaka, limwagie maji, mistari itajitokeza yenyewe. Nilipata trigonia moja, aina ya kombe la kale, nusu ya ngumi, vinundu vimejipanga safu mgongoni. Mjomba akaligeuza, akaligeuza tena: "Hili tungelipata bichi, tungelitia nazi." Limechelewa miaka kama milioni 150, mjomba!

Watu wakisikia Tendaguru, kilima cha huku huku Lindi, wanawaza dinosaria tu, yale mafupa Wajerumani waliyochimba 1909 hadi 1913, wapagazi wakayabeba kwa miguu hadi bandari ya Lindi, leo yako Berlin. Kumbe tabaka za mafupa zimepishana na tabaka za bahari. Maji yalikuwa yanakuja na kuondoka.

Haya, leteni zenu.

Pweza Mkavu: Mie niliokota kitu mfano wa risasi, laini, kina ncha. Nikakitupa mbali, nikijua ni mabaki ya vita. Baadaye ndiyo naambiwa ni belemnaiti, sehemu ngumu ya ndani ya mnyama wa ukoo wa ngisi. Bado roho inaniuma.

Binti Kitunda: Sisi ng'ambo ya mji wa Lindi tunavyo vijiwe bapa mithili ya sarafu. Utotoni tulichezea duka, tukinunuliana mihogo ya udongo. Kila kimoja kilikuwa kiumbe cha seli moja tu, eti.

Dafu la Mikindani: Msinicheke. Nimebeba jiwe zito kilomita nzima juani, nimelitia maji, nimelisugua kwa mswaki. Zege la daraja! Sasa mama analizuilia mlango.

Mzee wa Kibali: Vijana, Sheria ya Mambo ya Kale ipo tangu 1964. Kuchimba au kupeleka nje ya nchi ni mpaka kibali.

Mla Ming'oko: Shikamoo mzee. Hatukuchimba, na lile kombe tumeliacha palepale. Nimepiga picha tu, pembeni nimeweka korosho ili ukubwa uonekane. Korosho yenyewe mjomba kaila.