Nauli za Desemba kwenda Moshi: tuendelee kudanganyana au bei ipande waziwazi?

Wakuu, heshima kwenu.

Nina hoja ambayo najua itaniletea mawe kutoka kwa Wachagga wenzangu: nauli ya basi Dar–Moshi kwa zile siku za kabla ya Krismasi iruhusiwe kupanda kisheria, na iandikwe kwenye tiketi.

Msinirukie kwanza. Mwaka jana tarehe 22 Desemba nilifika Stendi ya Magufuli, Mbezi Luis, saa kumi alfajiri na mke, watoto wawili, mabegi na godoro la bibi (msiulize). Dirishani nikaambiwa gari limejaa. Hatua kumi kutoka hapo, kijana mwenye fulana ya kampuni hiyohiyo akasema siti zipo. Nikalipa karibu mara mbili. Tiketi niliyopewa imeandikwa nauli ya LATRA (mamlaka inayopanga nauli za mabasi), senti haijazidi. Yaani kwenye makaratasi mimi nilisafiri kwa bei halali, na ushahidi ninao mwenyewe mfukoni! Nikienda kulalamika nitashika nini?

Sasa tazameni biashara yenyewe. Wiki ile Wachagga wote tunapanda kaskazini kwetu kula Krismasi, kwenda "kuhesabiwa" kama watu wanavyotutania. Gari likishusha Moshi au Tarakea linageuza tupu, kilomita kama 560, kwa mafuta yaleyale. Mwaka 2023 mabasi yaliporuhusiwa tena kusafiri usiku, baada ya marufuku ya karibu miaka 30, nilidhani yamekwisha, maana gari linaweza kwenda na kugeuza ndani ya saa 24. Imepunguza, sikatai. LATRA nayo hutoa vibali vya muda ili mabasi ya njia nyingine yaje kusaidia. Lakini mwenye basi la kusini huko aache njia yake, arudi tupu, kwa nauli ileile, kwa mapenzi gani aliyonayo kwa Wachagga? Anakuja kwa sababu anajua kuna ya pembeni. Tunaishi kwa hiyo ya pembeni halafu tunajifanya haipo.

Kwa hiyo: siku kumi tu, kiwango kitangazwe tangu Novemba, na anayetoka Moshi kushuka kwenda Dar siku hizohizo alipe pungufu. Tiketi mtandao zipo. Karibuni.

Abiria wa Same
Mleta mada unaongea kama una basi. Mimi naishia Same, Desemba natozwa ya Arusha. Ukihalalisha bei ya juu, wapiga debe wataanzia hapohapo na kuongeza ya kwao. Halafu nauli ya LATRA ni kikomo, hakuna aliyekatazwa kushusha. Februari magari yanaondoka nusu, mbona sijawahi kurudishiwa hata ya maji? Hasara ya kurudi tupu tuibebe sisi, faida ya Januari watu wakirudi mjini abebe yeye. Hapana.

Konda mstaafu
Nimefanya njia hiyo miaka 11. Wote mnakosea mtu. Ya pembeni inagawanywa na mpiga debe, wa dirishani na sisi wa garini. Tajiri, yaani mwenye basi, analetewa hesabu ya kawaida. Tajiri wangu mmoja alimtuma shemeji yake akate tiketi kama abiria, akatozwa ya juu, jioni ikaja hesabu ya LATRA. Kesho yake gari zima lilibadilishwa watu, mimi nikiwemo. Kwa hiyo hiyo sheria yako abiria hawataipinga kama tutakavyoipinga sisi.

Mama wa Mwika
Na treni mmeisahau? Iliporudi Moshi Desemba 2019 nilipanda. Inachelewa, ndiyo, lakini hakuna aliyenivuta mkono kuniambia siti zipo. Mabehewa yaongezwe. Halafu nani kawaambia lazima tarehe 22? Shule zinafungwa mapema Desemba, wajukuu wangu huwa wameshafika na kuzoea ng'ombe nyie mkiwa bado mnasukumana Mbezi.

Mleta mada
Shikamoo mama. Watoto sawa, wanaweza kutangulia, lakini mimi ruhusa naipata tarehe 21. Na kikao cha ukoo ni tarehe 26, hapo ndipo mipaka ya kihamba (shamba la ukoo) inapozungumzwa. Usipokuwepo, masale, ile mimea ya kuwekea mipaka, yanatembea yenyewe.

Abiria wa Same, hapo kwenye Februari umenipata. Nakubali, kama hawashushi kwa hiari basi punguzo la wanaoshuka kwenda Dar liwe la lazima, au pendekezo langu lote life. Ila kuhusu wapiga debe siko nawe. Leo wananitoza juu kwa sababu dirishani naambiwa pamejaa. Siti zote zikiuzwa kwa mtandao tangu Novemba, kwa bei iliyoandikwa, atakuwa anauza nini?

Konda, swali. Kama ya pembeni haimfikii tajiri, hayo mabasi ya vibali nani anayaleta?

Konda mstaafu
Niliyoyaona mimi, dereva ndiye analikodi basi. Anapatana na tajiri hesabu ya safari, kinachozidi ni chake, na kila safari anayoongeza kabla ya Krismasi ni yake. Sasa wewe kaa siti ya mbele uangalie anavyopita Segera saa nane usiku akirudi Dar, na kesho yake yuko tena Mbezi anaita Moshi, Moshi.